Madema ya Ami na Nyasi za Ghuba ya Chwaka

Ami yangu alikuwa akisuka dema barazani baada ya sala ya alasiri, amekaa juu ya mkeka na kisu kidogo ambacho hakumruhusu mtu mwingine kukishika. Mianzi aliichana vipande vyembamba, akavipitisha juu na chini mpaka yakatokea matundu yenye pembe sita, na kila baada ya safu chache alitia vidole viwili kwenye tundu ili kulipima. Tundu lililokataa vidole viwili alilifumua akaanza upya. Nilikuwa na umri wa miaka 12, nimeletwa Chwaka kutoka mjini kwa likizo ya skuli, na kwa macho yangu dema lile lilikuwa limekwisha kukamilika, kwa hiyo nilimuuliza kwa nini anajichosha. "Mwanangu, samaki wa kidole kimoja bado hajazaa," akanijibu bila kuinua uso. "Nikimtoa huyo leo, mwakani nitamtoa nani?"

Kwa msomaji aliyekulia mbali na bahari, dema ni mtego wa kusuka wenye umbo la kikapu kipana, na mlango wake ni mpana kwa nje lakini hubana kadiri unavyoingia ndani, hivyo samaki huingia kwa urahisi na hushindwa kuiona njia ya kutokea. Hutiwa mawe ili lisisombwe na mkondo, hutiwa chambo, kisha huzamishwa kwenye nyasi za baharini na kuachwa mpaka kesho yake. Kazi yote ya mvuvi imo katika kusuka, katika kuchagua mahali, na katika kujua saa. Dema halimfukuzi samaki. Humsubiri apite katika njia zake mwenyewe, na ndiyo maana mvuvi wa madema analazimika kuzijua njia hizo kuliko mvuvi mwingine yeyote.

Ghuba ya Chwaka iko mashariki ya Unguja, ikiwa na mikoko minene upande wa kusini na mwamba unaoikinga na mawimbi ya bahari kuu. Ni ghuba ya maji machache. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3, na sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na nyasi tupu ambako kina mama hutembea kwa miguu kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Ami hakuwa na jedwali la maji wala saa ya mkononi. Alihesabu siku za mwezi, basi. Alijua kwamba katika bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na kwamba kila siku inayofuata yatachelewa kwa muda ambao leo tunaweza kuutaja kuwa takribani dakika 50, mpaka yafike maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Ratiba ya nyumba nzima, tangu kuamka hadi kula, ilifuata hesabu hiyo.

Tulikuwa tukitoka baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yameanza kupwa, ili yatusaidie kwenda, na tukirudi kabla ya adhuhuri maji yakijaa, ili yatusaidie kurudi. Ngalawa yake ilikuwa ya gogo la mwembe, yenye matengo mawili ubavuni yaliyoizuia isipinduke, na palipokuwa na kina kidogo hakutweka tanga bali alisimama nyuma akipiga upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, huku mimi nikifua maji kwa dumu lililokatwa. Hakuweka maboya juu ya madema yake, kwa sababu boya humwonyesha mwizi njia. Alilinganisha mnazi fulani na paa fulani la nyumba upande mmoja, na ncha ya mikoko upande mwingine, na mistari hiyo miwili ilipokutana alisema "hapa", nami nikichungulia chini nililiona dema limetulia kati ya nyasi kama mtu aliyelala.

Samaki tuliyempata zaidi alikuwa tasi. Ni samaki wa kijani na kahawia, mwenye mdomo mdogo wa kutafuna majani, na mgongoni ana miba yenye sumu ambayo hakuna aliyenionya nayo. Siku ya tatu nilitia mkono ndani ya dema bila kuangalia, mwiba ukaniingia chini ya kidole gumba, na maumivu yakapanda mpaka kwenye kwapa kabla sijawahi kulia. Tulipofika pwani ami alichemsha maji, akayapoza kidogo, akanizamishia mkono humo kwa kiasi nilichoweza kuvumilia, na baada ya muda maumivu yakaanza kulegea. Tangu siku hiyo nilijifunza kumshika tasi kwa kumtangulizia kiganja kichwani na kuilaza miba yake kuelekea mkiani, na mpaka leo nikiwa sokoni Darajani mkono wangu hufanya hivyo wenyewe, hata kama samaki amekufa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Nyasi zile, ambazo watu wengi huziita mwani, si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, na katika maji ya Tanzania kuna zaidi ya aina 10. Tasi hula humo, changu wadogo na pono wadogo hukulia humo kabla ya kwenda kwenye mwamba, na mizizi yake hushika mchanga usitifuliwe. Penye nyasi pana dema, na nyasi zikiondoka dema hubaki kikapu kilichozama. Kinachoziondoa, kwa niliyoyaona mimi, ni juya la kukokota: wavu mrefu unaoburutwa chini na watu wengi, ukikusanya kila kilichomo pamoja na vitoto vya samaki vya ukubwa wa kidole kidogo. Usiku mmoja katika likizo yangu ya mwisho kule, kundi moja lilikokota katika eneo la ami, na asubuhi tulikuta njia pana iliyong'oka nyasi na madema yake tisa hayapo. Mawili tuliyaokota yamevunjika. Ami hakutukana mtu. Aliketi ngalawani kwa muda mrefu akiangalia chini, kisha akasema turudi, ingawa maji yalikuwa bado hayajaanza kujaa.

Siwaoni wakokotaji kuwa watu wabaya. Kijana asiye na chombo chake hulipwa sehemu yake siku hiyohiyo akivuta kamba ya juya, ilhali dema linataka siku kadhaa za kusuka kabla halijaingiza hata shilingi moja. Lakini naamini kwa dhati kwamba wavu ule hula mtaji wa kijiji kizima, na inaniuma kuona vijana wakiuvuta mtaji huo pwani kwa mikono yao wenyewe.

Ami alifariki, na binamu yangu ndiye anayevua sasa. Nilipomtembelea mwaka jana alikuwa ameanza kutengeneza madema ya waya, kwa kuwa ya mianzi huoza baada ya miezi michache. Nilimwambia kwamba kuoza kule ndiko kulikuwa na faida, maana dema la mianzi likipotea hufumuka na samaki hutoka, ila la waya huendelea kunasa na kuua mwaka mzima bila ya mtu kula. Tulibishana mpaka magharibi. Mwishowe alikubali kukata upande mmoja wa kila dema na kuufunga upya kwa kamba ya katani, ambayo baharini haidumu. Tulifunga manne usiku ule kwa mwanga wa taa, na alfajiri, maji yalipoanza kupwa, tukayapakia kwenye ngalawa.