Kikaango cha laki tatu na stilwaya ya Mama

Bei niliyomtajia Mama ni elfu thelathini. Akakinyanyua kile kikaango kwa mikono miwili, akakipima uzito kama anavyopima samaki aina ya changu wa kununua kwa kukisia, halafu akasema, "Wamekuibia, mwanangu." Nikanyamaza. Bei yenyewe ilikuwa 320,000, na mpaka leo hajui. Wadogo zangu mnaosoma hapa, atakayefungua mdomo tutakosana.

Ni kikaango cha chuma kizito, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, upana sentimita 26, kilo mbili na ushee. Mwenzangu wa ofisini alinibebea kutoka Dar kwenye begi lake la nguo, na alinilaumu njia nzima. Kilichonipumbaza ni ulaini wake wa ndani. Vikaango hivi humiminwa kwenye kalibu za mchanga, ndiyo maana vingi ukivipitisha kidole unakuta vipele. Lodge, kampuni ya Tennessee kule Marekani iliyoanza mwaka 1896, huviuza na vipele vyake vilevile, imeshavipaka mafuta na kuvichoma. Vya bei mbaya vinapitishwa kwenye mashine vikachongwa mpaka vinateleza. Chuma ni kilekile. Laki mbili na zaidi nililipia kuchongewa.

Basi, nilikitunza miezi mitatu. Kikawa cheusi, kinang'aa, yai linateleza lenyewe kwenda kwenye sahani. Ndipo Mama akaja kutoka Lindi na mfuko wa ming'oko, vile viazi vya porini.

Jumamosi nikaenda kazini nusu siku. Narudi, nakuta kichanja cha uani kinawaka: sufuria zote zimesuguliwa kwa majivu na mchanga, zinaakisi jua la mtaa wetu wa Shangani mpaka unafumba macho. Katikati yake kuna kitu cha kijivu nisichokifahamu. Nikasogea. Kikaango changu.

"Kilikuwa na masizi mpaka ndani," Mama akaniambia, stilwaya bado iko mkononi. "Unampikia mwenzio kwenye masizi?"

Ningemjibu nini? Kwa mama zetu sufuria nyeusi ni aibu ya nyumba, na mgeni akipita uani jicho lake la kwanza linatua kwenye vitako vya sufuria. Mama alikuwa amenisitiri. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba weusi ule ndio mali yenyewe? Ni mafuta yaliyopigwa moto mkali mpaka yakaacha kuwa mafuta, yakageuka utando mgumu uliokishika chuma, tabaka juu ya tabaka, kila siku ya kukaanga inaongeza lake. Masizi unayafuta kwa kidole. Ule utando hautoki mpaka umpate mtu kama Mama.

Kesho yake asubuhi kilikuwa cha rangi ya machungwa. Upepo wa bahari hapa unakula hata nondo za madirisha, sembuse chuma kilichovuliwa nguo.

Nikawasha jiko la mkaa. Nikasugua kutu yote, nikakiosha, nikakiweka motoni mpaka tone la mwisho la maji likakauka. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, kipande cha fulana kuukuu, nikapaka ndani, nje, hadi kwenye mkono wake. Halafu nikachukua kitambaa kikavu nikayafuta yale mafuta yote, kama mtu aliyeyamwaga kwa bahati mbaya. Hapo ndipo wengi tunaharibu: ukiyaacha mengi yanakuwa ulimbo, kikaango kinanata wiki nzima. Nikakifudikiza juu ya mkaa. Kikatoa moshi, moshi ukaisha, kikapoa kidogo, nikarudia. Mara nne. Mama yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, ananiangalia tu.

"Unakirudishia masizi."

"Ndiyo, Mama."

Sasa, Mama alikuwa amekwangua pia chuma changu cha chapati, nilichonunua Soko Kuu kwa 18,000 miaka ile. Nacho nikakipitisha mlemle, mkaa uleule, kitambaa kilekile. Vyote viwili vikarudi vyeusi siku hiyohiyo. Hapo roho ikaniuma kidogo, maana nilichokuwa najivunia kwenye kikaango changu kilikuwa kinapatikana bure kwenye chupa ya alizeti.

Nikaamua kuvishindanisha. Changu wawili kutoka soko la samaki la Feri, mmoja huku, mmoja kule. Ngozi zote zikakauka vizuri, hakuna aliyeshika chini. Chuma kikishapata moto hakishtuki ukikiwekea samaki wa baridi, tofauti na sufuria zetu nyepesi za alumini zinazopoa papo hapo. Kwa yai, cha ghali kilishinda. Kwa chapati, cha 18,000, kwa sababu hakina kingo za kukuzuia kugeuza. Na vyote vina ugonjwa mmoja: chuma hakisambazi moto vizuri. Nyunyiza unga wa ngano juu ya jiko la gesi uone, katikati unaungua wakati pembeni bado mweupe. Mkaa ulioutandaza vizuri unavifaa zaidi.

Mchuzi wa ukwaju usithubutu. Nilishajaribu, ukatoka mweusi na ladha ya msumari, na weusi wa kikaango ukaenda na mchuzi. Kwa hilo pesa kweli inanunua kitu: vile vyungu vya chuma vilivyopakwa kioo cha kuyeyushwa, kama vya kampuni ya Le Creuset ya Ufaransa tangu 1925, mchuzi haugusani na chuma kabisa. Ila mimi mchuzi wangu naupika kwenye chungu cha udongo, na hakijawahi kunidai matunzo ya hivyo. Sasa kioo cha nini?

Najuta? Asubuhi za mayai, hapana. Siku nyingine zote nakiangalia nikikumbuka kwamba ada ya mtoto ya muhula ule nililipa kwa mafungu.

Wiki iliyopita Mama kapiga simu. Jirani yake Lindi amesikia habari za wale changu, naye anataka kikaango kama changu. Kabla sijajibu, ujumbe wa muamala ukaingia: 30,000.

Nimepata chenye vipele kwa 28,000. Kiko jikoni sasa hivi, kimefudikizwa, mzunguko wa tatu.