Seva iliyokuwa ikizimika kila alasiri

Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, sisi mafundi wa kompyuta hapa Mombasa huitwa kwa malalamiko yale yale: seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, inazimika yenyewe. Na karibu kila mara mwenye ofisi ameshaamua kwamba tatizo ni stima kabla hujavuka kizingiti.

Juzi nilikuwa kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Ofisi yao iko ghorofani, mtaa unaochepuka kutoka Moi Avenue. Seva yao ilikuwa ikizima alasiri, saa ambayo makarani wana haraka na karatasi za forodha. Kontena likipitisha siku zake za bure, gharama za kulihifadhi zinaanza kuhesabiwa, kwa hiyo hasara haikuwa ya kukisia. Mzee mwenye ofisi akanipokea na uamuzi wake: "Mwanangu, ni stima hii. Niandikie bei ya UPS kubwa zaidi."

UPS ni kile kifaa chenye betri kinachoishikilia mashine stima ikikatika. Nikamwomba anipe muda kidogo. Swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, ilichomekwa kwenye UPS ile ile, nayo haikuwahi kuzimika; stima ingekuwa ndiyo tatizo, nayo ingezimika. Halafu karani mmoja akaniambia jambo lililonisaidia kuliko kifaa chochote: "Fundi, kabla ya kuzima huwa nzito sana. Inaanza tangu adhuhuri." Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa nyingi ni kama nyuzi 100, hujipunguzia kasi ili isiungue. Joto likiendelea kupanda, mashine hujikatia umeme.

Kumbukumbu za Linux, mfumo unaoiendesha seva hiyo, ziliishia katikati ya kazi, bila mstari hata mmoja wa kuonyesha kwamba mfumo uliagizwa kuzima. Hapo sibahatishi. Naenda kwenye kile kidhibiti kidogo kilicho ndani ya seva, kinachobaki macho hata mashine ikiwa imezimwa, mradi kebo ya umeme imechomekwa. Ukiandika `ipmitool sel list` unapata matukio yote yaliyorekodiwa. Yalikuwepo kwa mfuatano: onyo la joto la hewa inayoingia, onyo la prosesa, kisha kuzima.

Mzee hakuamini, na namwelewa. Rimoti ya AC ilisema 18, na ukiingia chumbani mwili unasisimka. Lakini seva haivuti hewa ya mlangoni. Inavuta ile iliyo mbele ya uso wake. Nikaweka kipimajoto pale: nyuzi 37. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mambo ya joto na baridi, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya 18 na 27. Raki, ile fremu ya chuma inayobeba seva, ilikuwa imegeuziwa uso ukutani, na katikati pamesukumwa maboksi ya faili za zamani. Baridi yote ya AC ilikuwa ikimwagika mgongoni, mahali ambapo seva inatolea joto. Hewa moto ikapanda juu ya raki, ikateremka upande wa ukuta, ikavutwa tena ndani.

Tukatoa maboksi, tukaigeuza raki. Zile nafasi tupu kati ya vifaa nikaziziba kwa vibati ili hewa ya nyuma isipenye kurudi mbele.

Kuna pia aliyekuwa ametoa mfuniko wa seva na kuielekezea feni ya mezani. Nimeliona hili katika ofisi nyingi mno, na linanisikitisha kwa sababu anayefanya hivyo ana nia njema. Mfuniko ndio unaoilazimisha hewa ya feni za ndani ipite juu ya prosesa na memori. Ukiutoa, hewa inatawanyika. Zaidi ya hapo, vumbi letu la pwani lina chumvi na unyevu. Likiingia kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa huganda kama ukoko wa wali. Nililing'oa kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, huku nimezuia feni kwa kidole zisizunguke. Pesti ya zamani juu ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye mapezi, ilikuwa imekauka ikapasuka, nikaifuta kwa spiriti na kupaka mpya, kidogo tu.

Sasa hiyo UPS. Kila wati ya umeme ambayo seva inakula hutoka kama joto. Stima ikikatika, UPS inaiweka seva hai, lakini AC haimo kwenye UPS. Chumba kidogo kilichofungwa hupanda joto ndani ya dakika chache. UPS kubwa zaidi ingerefusha muda wa seva kujipika. Na stima iliporudi, AC yao ilibaki imezima mpaka mtu aishike rimoti. Basi nikaipanga UPS iiagize seva ijizime kwa utaratibu mapema, kabla betri haijaisha.

Pesa za UPS zimekwenda kwa fundi wa AC. Amesafisha vichujio, akaifanya iwake yenyewe stima ikirudi, na ameonyesha kwamba mapezi ya mtambo wa nje yameliwa na hewa ya bahari, huo utabadilishwa. Mbele ya seva, alasiri, sasa pana nyuzi 25. Kipimajoto nimekiacha pale pale, na kikifika 30 ujumbe unaingia kwenye simu ya mzee na yangu.