Mchakamchaka na njaa

Juzi mwanangu karudi shule namuuliza leo mmecheza nini, ananijibu mama siku hizi michezo hakuna, kile kipindi tunafanya maswali, mtihani wa darasa la nne umekaribia. Asubuhi basi la shule, mchana dawati, jioni homuweki. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili haswa, wangu hata 20 sidhani. Ndo nikamkumbuka yule niliyekuwa nakaa naye dawati moja Muheza, mkoani Tanga, mwaka 1994.

Sisi ukimaliza kufagia namba yako, yaani kile kieneo ulichopangiwa, ni mchakamchaka, zile mbio za asubuhi kabla ya masomo, nyimbo za Idi Amin na vita vya Kagera tunaziimba sisi ambao vita vyenyewe vinapiganwa hatujazaliwa, pekupeku, umande na vumbi vinagandiana vidoleni. Yeye mbele kila siku. Darasani kimya, hesabu zinamkataa, ila mbio hakuna wa kumkamata, na kwa macho yangu hicho ndo kilikuwa kinamleta shule.

Siku hiyo tumerudi tumepanga mstari, akaanguka puu. Wengine wakasema kifafa. Mwalimu wetu wa sayansi akamkalisha kivulini, akamuuliza asubuhi umekula nini? Kimya. Jana usiku je? "Machungwa, mwalimu." Na msimu ule Muheza machungwa ndo yako kila mahali. Mwalimu akafungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kifuniko, anaipuliza kwanza ndo anampa, akamega na muhogo aliojiletea mwenyewe, na sisi wote tumesimama tunaangalia ile midomo inavyotetemeka kwenye kifuniko. Alipomaliza akamwambia, kuanzia kesho wewe hukimbii, utakaa hapa usubiri wenzio.

Hapo ndo akalia. Kuanguka hakulia, njaa hakulia, analia kwa sababu amekatazwa kukimbia.

Mengine yalienda haraka, kikao cha wazazi kikaitwa, kila nyumba ikatoa mahindi, kina mama wakawa wanapika uji kwa zamu, naye akarudishwa kwenye mbio mpaka akaiwakilisha shule Umitashumta, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Na darasani akaanza kunyoosha mkono, hata kwenye hesabu.

Wanaosema mchakamchaka yalikuwa mateso siwabishii, fimbo zilikuwepo na njaa ilikuwepo, mtoto hakimbizwi na machungwa ya jana tumboni. Lakini kilichomsimamisha yule mtoto ni nini hasa, uji, mbio, au ile chai ya mwalimu, mpaka leo sijapata jibu, na nina wasiwasi wanaofuta kipindi cha michezo hawajawahi hata kujiuliza.