Siku moja maishani mwangu: kunguru ishirini na bao lililojificha

Saa 11 alfajiri. Adhana ndo alamu yangu. Kabla hata ya mswaki naenda kugusa kwa kidole picha ninayoichora kwa rangi ya mafuta, kona ya chini kule kusikoonekana sana, nione kama kazi ya juzi imekauka. Wapi! Kahawia imekauka vizuri, ila nyeusi bado inanata kama asali. Hii rangi haikauki kama nguo kwenye kamba jamani, mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanavuta oksijeni kidogo kidogo mpaka yanakuwa ngozi, na kwa chumba hiki cha Mbagala chenye dirisha moja ni kusubiri tu huku unatukana kimoyomoyo.

(Halafu mtaani nikisema nachora kwa rangi ya mafuta wanajua ni ile ya milango na mageti. Ile wanatumia wenzetu wa Tingatinga na inawahi kukauka, hii yangu inatoka kwenye vitubu vidogo kama dawa ya mswaki na bei yake ni ya kukutoa machozi.)

Saa 1 chai na chapati moja, nyingine kaila mdogo wangu, hatuongelei.

Saa 2 nimeshakaa mbele ya picha. Ngoja niwaeleze. Ni kitambaa cha marekani nilichokiwamba mwenyewe kwenye fremu, upana sentimita 120, kimo 60. Ukiitazama ni vurugu tupu: bajaji inataga mayai, mwamvuli wa machinga umegeuka mtumbwi, sufuria ya mama ntilie imeota mizizi, pweza kakumbatia nguzo ya umeme, na kunguru, kunguru kila mahali, si mnajua Dar yetu. Lakini chini ya hayo yote kuna bao. Bao la kiswahili kabisa, safu 4 za mashimo 8, ndo maana nikachagua 120 kwa 60, kila shimo linapata sentimita 15 kwa 15 na hakuna linalobaki. Kila kitu kwenye picha kimekaa shimoni mwake. Na wale kunguru ndo kete, wamepangwa vile mchezo unavyoanza, kila upande sita kwenye nyumba (lile shimo kuu), kisha wawili, kisha wawili. Jumla ishirini.

Wazo lilinijia nilipokuwa machinga Kariakoo, miaka miwili nauza soksi Mtaa wa Kongo. Mgeni akishuka pale anaona fujo, anashika pochi. Ila wewe wa pale unajua soksi zinaishia wapi na mikanda inaanzia wapi, simu uende Aggrey, na kuna kipande cha lami cha futi mbili ambacho hakina mstari wala karatasi lakini ukitandika turubai lako pale asubuhi utaona cha moto. Hicho kipande ndo nataka kukichora, mstari usiokuwepo ambao kila mtu anauheshimu.

Shida ni kwamba vurugu ni ngumu kuchora kuliko mpangilio aisee. Mkono unapenda kupanga. Ukiuachia wenyewe unaweka vitu kwa umbali sawa kama meno, picha inakuwa kalenda ya ukutani. Kwa hiyo kuanzia saa 2 mpaka saa 6 kazi yangu ilikuwa kuharibu tu, huku navutia mzizi uvuke shimo mbili, kule bajaji naiinamisha, ukingo wa shimo naufuta kwa kitambaa.

Saa 7 ugali dagaa. Usingizi dakika ishirini ambazo zilikuwa saa nzima.

Saa 9 anga. Hapa naiba ufundi wa Max Ernst, yule Mjerumani wa kundi la wasurrealisti, wachoraji wa mambo ya ndotoni. Kuna picha aliifanya 1940 mpaka 1942, Ulaya baada ya mvua. Ufundi wenyewe ni huu, unapaka rangi mbichi, unabandika kioo au karatasi juu yake, unabandua, inabaki mishipa na matumbawe ambayo hakuna brashi inayoweza. Mimi natumia nailoni ile ya kufunikia makochi. Unabandika, unasugua na kiganja, unavuta taratibu. Mara ya kwanza ilitoka matope. Ya pili nikaongeza mafuta kidogo (tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukikosea picha inapasuka baadae) ikatoka kitu kama mkoko umeangushwa mbinguni. Nikapiga kelele peke yangu chumbani.

Saa 11 jioni nikaitoa barazani ipate hewa. Pale nje chini ya mwembe wazee wanacheza bao kila siku, mmoja akaja kuchota maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

Akasimama. Akainamisha kichwa. Kimya kirefu, nikajua sasa anataka kuniuliza kama naumwa. Akasema, "Nyumba zako zinatazamana."

Nikajifanya sielewi. Nyumba gani babu?

"Hawa kunguru sita na hawa sita. Nyumba hazitazamani. Kila mtu nyumba yake ni ya nne kutoka kulia KWAKE. Huyu wa juu umemkalisha kama yuko kwenye kioo." Akachota maji akaenda zake.

Daah. Wiki tatu naficha bao, mzee kaliona kwa dakika mbili, halafu kaona na kosa! Ni kweli kabisa, upande wa juu nimeugeuza kama kivuli badala ya kuuzungusha. Ilitakiwa nyumba isogee shimo moja kushoto kwangu, na wale wawili wawili wahamie shimo la tatu na la pili kutoka hukohuko kushoto.

Saa 2 usiku umeme umekatika, kwa hiyo ni tochi ya simu mdomoni na kisu mkononi, nawakwangua kunguru kumi. Na hapo ndo nikaishukuru ile nyeusi niliyoitukana alfajiri, maana ingekuwa imekauka ningelia. Wametoka kama ngozi ya maziwa, nikafuta na tapentaini, kahawia ya chini haijatikisika. Nikawachora upya mmoja mmoja.

Saa 5. Brashi zimeoshwa, vitambaa vyenye mafuta nimevizamisha kwenye ndoo ya maji (msivirundike kavu, vinajiwasha moto vyenyewe, siwatanii). Nikahesabu kunguru kabla ya kulala. Kumi na tisa. Nikarudia. Kumi na tisa.

Wa ishirini nimemkuta kwenye kiwiko cha shati, mbawa zote mbili na mdomo.