"Haya, wakili"

Jumamosi Neema kaolewa, Jumanne ile rufaa ya kesi nyingine mliyochoka kuisikia imekwisha na tumeshinda, na mimi saa tano usiku nimekaa nawaza maneno mawili ya mzee wa kaunda suti. Yuleyule mteja wangu anayegombania kiwanja na dada yake. (Nimegeuza mambo kadhaa asijulikane.)

Tulikuwa benchini nje ya Baraza la Ardhi na Nyumba, tunasubiri kuitwa. Dada yake amekaa benchi la mbele yetu. Ilikuwa zamu yangu kumuuliza maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Mzee akaikunja bahasha yake ya kaki magotini, akaninong'oneza.

"Mwanangu, muulize kwa nini aliachika."

"Mzee, kesi ni ya kiwanja."

"Muulize tu. Wazee wa baraza wamjue."

"Hilo sitaliuliza."

"Kwani wewe wakili wa nani?"

Nikajibu kama kitabu: wakili wako, mzee, ila mimi pia ni afisa wa mahakama. (Yaani nawajibika kwa mahakama pia, si kwa mteja tu.) Akaniangalia viatu, akapanda taratibu hadi usoni. "Kumbe na wao wanakulipa?"

Nimelirudia hili kwenye daladala, bafuni, hata kwenye send-off ya Neema MC akiwa anapiga kelele. Alipokataa suluhu mwezi wa pili sikuwa na la kufanya. Kesi ni yake, kupatana au kutopatana ni uamuzi wake. Nilimwandikia barua ya ushauri, akasaini kwamba ameelewa na hataki. Angeniambia nipeleke stakabadhi ya kughushi, ningejitoa siku hiyohiyo. Hayo mawili hayaninyimi usingizi. Lakini swali la kumdhalilisha shahidi? Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaipa mahakama nguvu ya kulikataa, na kabla halijamfikia mwenyekiti wa baraza ni mimi ninayeamua litoke kinywani au lisitoke. Mbali na sheria, lingemmaliza mzee mwenyewe. Mwanamke akilia mbele ya wazee wa baraza, nani atakumbuka nani alilipa?

Hayo ndiyo ningemwambia. Nikamwambia afisa wa mahakama!

Sasa hivi nimecheka peke yangu hadi Mama kaniuliza chumbani kuna nini. Maana swali la mzee ni la haki kabisa. Mtu kauza mbuzi kunilipa, namletea cheo.

Ndani nilimuuliza dada mtu nani alinunua mabati na saruji. Akasema yeye. Dukani kwa nani? Kimya. Mwaka gani? Akamtazama kaka yake, si mimi. Nikakaa. Nadhani lile ndilo jibu bora tulilopata tangu kesi ianze.

Nje mzee hakusema kitu. Akafunga kifungo cha juu, akanipa mkono.

"Haya, wakili."

Miezi minane nimekuwa "mwanangu".

Na fundi wa simtanki hapokei simu tangu Ijumaa, maji yanashuka ukutani kwa jirani.