Siku moja maishani mwangu: "Fundi, mtandao unasumbua"

Saa 1:50 asubuhi

Niko kwenye foleni ya mwendokasi Kimara simu inaita. Ni mama wa hesabu wa duka moja la jumla la vipuri, Kariakoo. "Fundi, mtandao unasumbua tena."

Kwa wateja wangu kila kitu ni mtandao. Printa ikiishiwa wino, mtandao. Kipanya kikifa, mtandao. Nilishaacha kubishana. Nikamuuliza tu: "Inachelewa kufungua, au inachelewa kuhifadhi?" Akanyamaza kidogo. "Bei inatokea vizuri. Nikibonyeza kuhifadhi risiti ndiyo inaganda." Jibu lile ningelitilia maanani palepale, ningeokoa saa mbili nzima.

Saa 2:40

"Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Hebu ona foleni hiyo." Wateja kama kumi wamejipanga kaunta, mmoja ameshika shoki absoba begani kama mtoto.

Seva yao iko kona ya stoo, kati ya katoni za fani belti na UPS. Ni kompyuta ya kawaida yenye Debian (mfumo endeshi wa jamii ya Linux), kanzidata ya PostgreSQL, na diski mbili za terabaiti 2 zilizofungwa pacha kwa mdadm, programu ya kuunganisha diski: kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Aliyeifunga ni fundi aliyenitangulia, na mengi aliyafanya vizuri. Si yote.

Kwanza mtandao wenyewe, ili niweze kusema nimeuangalia: ping kwenda na kurudi chini ya milisekunde 1. Haya. Nikafungua top, programu inayoonyesha mashine inafanya nini. Mzigo, yaani kazi zinazokimbia au kusubiri, 14 kwenye mashine yenye viini 4, lakini prosesa imekaa kimya. Ile namba ya "wa" inasoma 61. Maana yake prosesa inamsubiri mtu, na mtu huyo karibu kila mara ni diski. Linux ina tabia ya kuhesabu kwenye mzigo hata michakato iliyokwama ikisubiri diski, ile yenye herufi D, ndiyo maana mzigo unaweza kupaa bila kazi yoyote kufanyika.

Kijana wa stoo amesimama nyuma yangu. "Kaka, si uziue tu hizo?" Nikamruhusu ajaribu kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu. Akaijaribu mara tatu, mchakato ukabaki palepale. Aliyelala kwenye D haamshwi hata kwa kifo, mpaka diski imjibu.

Saa 3:15

Hapa ndipo nilipopotea. iotop, inayoonyesha nani anaitumia diski, ilinionyesha rsync, programu ya kunakili nakala rudufu, bado inakimbia. Imeanza 02:00 kwa saa ya seva, yaani saa 8 usiku, na kwa kawaida inamaliza kabla ya alfajiri. Nikasema nimekushika. Nikaisimamisha, risiti zikaanza kutoka, mama akaagiza chai na chapati mbili, na mimi nikaanza kujiona daktari bingwa.

Chapati ya pili haijaisha, kaunta ikaganda tena. Rsync haikuwa mwizi. Nayo ilikuwa inacheleweshwa kama wengine, ndiyo maana asubuhi iliikuta bado njiani.

Saa 4:05

Nikaacha kubahatisha, nikaandika iostat -x 5, inayopima kila diski peke yake, nikakaa kuitazama. Ningeanza na hii.

Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ukiongeza na muda wa kichwa kuhama njia, ombi moja kujibiwa kwa milisekunde 10 au 15 ni jambo la kawaida. Pale kwenye skrini, safu ya w_await, milisekunde ambazo ombi la kuandika linasubiri: sda, diski ya kwanza, 11. Sdb, ya pili, 1,740.

Sekunde moja na robo tatu kwa ombi moja! Na risiti moja ina maombi kadhaa. Sda ilikuwa imekunja mikono, matumizi asilimia 8, huku sdb iko 100 bila kushuka. Kwenye pacha za namna hii kusoma kunaweza kwenda kwa yeyote, lakini kuandika hakuishi mpaka wote wawili waseme tayari. Bei inatokea haraka, kuhifadhi kunaganda. Mama alishaniambia tangu niko Kimara.

Saa 4:30

Mzee mwenye duka akaingia. "Diski imekufa? Sema bei." Wengi hukimbilia hapo, na wauzaji hawalalamiki. Nikamwomba dakika 10.

smartctl -a /dev/sdb, amri ya kuiuliza diski afya yake. Mstari wa 5, sekta zilizohamishwa: sifuri. Mstari wa 197, sekta zinazosubiri hukumu: sifuri. Sahani zenyewe hazina kasoro. Mstari wa 199, UDMA_CRC_Error_Count: 2,314. Huu huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya ubao mama na diski. Namba hii haishuki kamwe, kwa hiyo ukubwa wake peke yake si ushahidi. Huenda ni dhambi za miaka mitatu iliyopita. Unachotazama ni kama inapanda. Baada ya dakika 10: 2,341.

Dmesg, daftari la kumbukumbu za mfumo, ikamalizia: "hard resetting link", "hard resetting link", yaani muunganisho unawashwa upya kwa nguvu, ukurasa baada ya ukurasa, na kasi ya muunganisho imeshushwa kutoka 6.0 Gbps hadi 1.5. Kerneli, moyo wa mfumo endeshi, ilikuwa inapiga kelele tangu Jumamosi.

"Mzee, diski nzima. Waya ndiyo mbovu."

Alinitazama kama ninayemficha kitu. Kinachoniudhi na hitilafu hii ni kwamba diski iliyokufa kabisa ingetusumbua kidogo zaidi: mdadm ingeitoa, moja ingebaki, kazi ingeendelea. Hii inayojikongoja hurudia na kurudia mpaka ombi lipite, haisemi imeshindwa, na mdadm inaamini kila kitu ni salama.

Saa 5:20

Kabla ya kugusa chochote nikatoa nakala ya kanzidata kwenye diski ya nje kwa pg_dump. Ndipo nikamwambia mdadm aihesabu sdb kuwa imeshindwa na kuitoa. Sikuzima mashine, sikugusa waya. Kaunta ikafunguka papo hapo. Mama akapiga makofi.

/proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya pacha, sasa inaonyesha [U_], U moja kwa kila diski iliyo kazini, kama mtoto aliyeng'oka jino. "Si imepona? Iache hivyo," mzee akasema. Nikamweleza kwamba sasa duka lake lote liko juu ya diski moja. Akauliza waya ni bei gani. Elfu tano. "Kumbe! Nunua mbili."

Saa 7 hadi saa 11

Wali maharage kwa mama ntilie, kisha wateja wengine wawili. Mmoja kweli ulikuwa mtandao.

Saa 12:15 jioni

Duka limefungwa, nimezima seva. Kabla ya kuzima niliandika kiganjani tarakimu nne za mwisho za namba ya diski ya sdb, maana ndani ya boksi zinafanana kama mayai, na ukichomoa nzima ukaacha mgonjwa umejichimbia shimo.

Nikafungua mfuniko. Waya mwekundu, wa aina isiyo na kile kibanio cha chuma, umepindwa mara mbili na kubanwa na mfuniko, na kichwa chake kimetoka nusu, kimeinama upande. Nikakigusa kwa kidole kimoja kikachomoka chenyewe. Kijana wa stoo akakohoa. "Jumamosi nilipuliza vumbi humo, kaka."

Nilibadilisha nyaya zote mbili, zenye vibanio. Nikabandika selotepu ya karatasi kwenye boksi: "199 = 2,402", na tarehe. Atakayekuja baada yangu akikuta zaidi ya hapo atajua.

Saa 1:05 usiku

Sdb imerudishwa, 6.0 Gbps. Fundi aliyenitangulia hakuweka ile ramani ya mabadiliko, bitmap, kwa hiyo haitoshi kunakili yaliyobadilika tangu asubuhi. Ni terabaiti 2 nzima. Mdstat inaahidi kumaliza kwa dakika 205. Siiamini. Inaanza na njia za nje za sahani, ambako kila mzunguko unabeba data nyingi, na kadiri inavyoingia ndani inapungua mwendo.

Saa 5:50 usiku

Niko kitandani na simu mkononi, nimeingia kwenye seva. Asilimia 99.8. Nikasubiri kidogo, nikaita tena.

[UU].