Picha Safi, Skrini Chafu

Leo jioni nimefanya kazi saa tatu mfululizo na skrini haijazima hata mara moja. Naandika haraka kabla sijasahau nilivyofika hapa, maana najijua: mwakani balaa hili likirudi nitaanza upya kama mgeni.

Mezani nina kompyuta ya Linux yenye skrini mbili. Kubwa ni ya pikseli 2560 kwa 1440 na hujichora upya mara 144 kwa sekunde. Ndogo, ya kulia, ni ya 1920 kwa 1080 na huenda kwa 60. Wiki mbili zimenitesa. Nikivuta dirisha linaacha mabaki nyuma yake, viraka vya mraba vilivyoganda mpaka nipitishe kitu kingine juu yake. Video kwenye skrini ndogo inachanika katikati: kichwa cha msemaji kiko hapa, mabega yamebaki kule. Na ile kubwa ilikuwa inazima ghafla, giza la sekunde mbili, kisha inarudi kimya kimya.

Nilijidanganya kwamba huo wote ni ugonjwa mmoja, na mchawi wake ni kadi ya picha. Nikabadilisha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa, nikairudisha ya zamani, nikazima vivuli na madoido yote ya madirisha. Tena nabadilisha mambo matatu kwa mkupuo, halafu nashangaa kwa nini sijui lipi limesaidia. Usiku mmoja nilibaki na skrini nyeusi kabisa, nikaponea kwa Ctrl+Alt+F3, nikaingia kwa maandishi matupu na kufuta nilichokuwa nimeandika nusu saa kabla.

Kilichonizindua ni jambo dogo. Nilitaka kumwonyesha rafiki vile viraka, nikapiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe. Viraka vikaonekana. Nikapiga nyingine wakati video inachanika, na hiyo ikatoka safi, msemaji mzima na mabega yake. Nikachukua simu nikapiga ile skrini kwa kamera: mchaniko huo hapo, wazi kabisa. Nikakaa nikizitazama picha hizo mbili kwa muda mrefu. Picha ya skrini huchukuliwa kwenye kumbukumbu, kabla pikseli hazijaanza safari ya kwenda kwenye kioo. Ikiwa imechafuka humo, basi aliyechora ndiye aliyekosea. Ikiwa ni safi humo na kioo kichafu, kosa liko njiani. Kumbe nilikuwa na kesi mbili tofauti, pengine tatu, na nilikuwa nazisikiliza zote pamoja.

Viraka viliisha kwa aibu. Ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d, folda ya mipangilio ya X (au X11, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini), nilikuta faili yenye mistari sita, niliyoinakili mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Ilikuwa inailazimisha X kutumia draiva ya zamani (programu inayoendesha kadi ya picha) badala ya ile ya jumla inayoitwa modesetting. Kikulacho ki nguoni mwako. Kinachochekesha zaidi, niliiweka ili kutibu michaniko ya video, na ndani yake kuna mstari wa TearFree, mpangilio wa kuzuia michaniko, ambao kwangu haukutibu kitu. Nikaihamisha faili, nikatoka na kuingia tena, viraka havijarudi.

Giza nililikamata kwa kuacha `journalctl -k -f`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, ikitiririka kwenye skrini ndogo huku naendelea na kazi. Kila kubwa ilipozima, mistari miwili mitatu ilishuka: kompyuta na skrini zilikuwa zinajaribu kukubaliana upya juu ya kasi ya mawasiliano. Nikaishusha skrini kubwa hadi 60, data inayopita ikapungua kwa zaidi ya nusu, na giza likakoma. Nikairudisha 144, likarudi. Hapo nikabadilishana kebo za skrini zote mbili, bila kugusa kingine chochote. Sasa skrini kubwa imetulia kwenye 144 yake. Wiki mbili nagombana na kerneli, kumbe ni waya! Ndogo haijalalamika hata kwa kebo mbovu, nadhani kwa sababu mzigo wake ni mdogo.

Mchaniko wa video ndio ulionifundisha zaidi. X11 ni ya mwaka 1987, na kwake skrini zangu mbili ni turubai moja tu, pana pikseli 4480. Anayechora turubai hiyo ana saa moja tu ya kufuata. Skrini ya 144 inataka picha mpya kila baada ya milisekunde 7 hivi, ya 60 kila baada ya karibu 17. Akifuata mdundo wa moja, nyingine inapokea picha katikati ya kujichora. Siilaumu X, ilifanya ilichoagizwa. Nikahamia Wayland, mbadala wa X, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, ambako kwenye mazingira ninayotumia kila skrini inapewa saa yake. Kuhama kwenyewe ni kuchagua tu kwenye ukurasa wa kuingia, kabla ya nywila. Mchaniko ukaisha usiku huo huo.

Si kwamba nimepata bure. Hati yangu ya xrandr, amri ya X, iliyokuwa ikipanga skrini kila asubuhi, sasa haipangi kitu. Kushiriki skrini kwenye mkutano kunaniomba ruhusa kwanza, jambo ambalo nimeanza kulipenda. Na kuna programu moja ya zamani, bado inapitia XWayland, daraja la programu za X ndani ya Wayland, ambayo maandishi yake yana ukungu nikikuza skrini kwa asilimia 125. Nimeirudisha 100, nimesogeza kiti mbele kidogo.

Ile kebo iko bado kwenye skrini ndogo, inafanya kazi yake. Nimeifunga uzi mwekundu upande wa nyuma ya meza, nisije nikaichomoa usiku na kuirudisha kwenye ile kubwa.